Usimpelekee Daktari wa Fizi Mdomo Kama Unampelekea Fundi Simu

Simu ikianguka kioo kipasuke, utaratibu unaujua. Unaenda kwa fundi, unamwachia, unaambiwa urudi saa kumi, unalipa, unachukua simu yako, mambo yamekwisha. Fundi hakuulizi unalala saa ngapi wala unakula nini. Na wewe humuulizi amefanya nini huko ndani. Bora iwake.

Sasa shida ni kwamba Wakenya wengi tunaenda kwa daktari wa meno hivyo hivyo. Tunafungua mdomo, tunafumba macho, tunangoja kuambiwa imeisha. Kwa jino lililotoboka hiyo inaweza kukubali, kwa sababu daktari ataziba na utaenda nyumbani. Lakini kwa fizi, ukienda na akili ya fundi wa simu utapoteza pesa, halafu utapoteza meno, halafu utaanza kuambia watu daktari ni mwizi.

Najua mtu atauliza, kwani wewe ulisomea wapi mambo ya meno? Sikusomea. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata huko nilikuwa nasomea biashara. Kazi yangu ni vidio na kuandika. Lakini mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mamangu kwa daktari bingwa wa fizi, kwa sababu kwetu mimi ndiye mtoto asiye na bosi wa kuombwa ruhusa. Nilikaa pale nikauliza maswali mpaka daktari akaniuliza kama mimi ni wakili. Haya ndiyo mambo ambayo nadhani kila mtu anafaa ayajue kabla hajapanda kile kiti.

Fizi haziumi, na hapo ndipo zinatuweza

Sisi tumefunzwa kwamba ugonjwa ni maumivu. Jino likikuamsha usiku, asubuhi uko kliniki. Fizi nazo hazina kelele. Zinatoka damu kidogo ukipiga mswaki, unatema, unafungua mfereji, damu inaenda na maji, unaenda kazini. Miaka inapita hivyo.

Wacha nieleze kinachoendelea, kwa lugha ya kawaida. Kwenye meno kila siku kunajengeka utando laini wa vijidudu, ule unaitwa ukoga. Huo mswaki unautoa. Usipotolewa, madini yaliyo kwenye mate yanaugandisha, na ndani ya siku chache unaanza kuwa mgumu kama saruji. Huo mgumu ndio ugaga, na huo hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mkono uchoke. Fizi inavimba ikijaribu kupigana na vijidudu vilivyojificha hapo. Hiyo ni hatua ya kwanza, na uzuri wake ni kwamba inarudi nyuma kabisa ukisafishwa na ukijitunza.

Hatua ya pili ndiyo mbaya. Fizi inaachana na jino, kunakuwa na nafasi kama mfuko, vijidudu vinateremka chini, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa polepole. Mfupa ukishaenda haurudi wenyewe. Unapoona meno ya mbele yameanza kuachana, ama jino linatingika ukiuma mahindi choma, ujue hiyo kazi imeendelea kwa muda mrefu.

Na usidhani ni watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote waliokaguliwa hapa Kenya walikuwa na fizi zinazotoka damu. Si wote watafika hatua ya pili, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi umewapata zaidi ya watu bilioni 1 ulimwenguni. Kwa hivyo ukienda kwa daktari huyu usiende ukijificha kama mtu anayeingia baa mchana. Wewe ni mtu wa kawaida mwenye ugonjwa wa kawaida.

Vijana wenzangu, msisome hii kama stori ya wazazi pekee. Kuna aina ya ugonjwa huu inayoanza mapema, hata kwa mtu ako shule ya upili, na inakula mfupa haraka kwenye meno ya mbele na magego ya kwanza. Mara nyingi hutembea kwenye familia. Kama mzazi wako alipoteza meno mapema na hakuna aliyejua sababu, hiyo si historia ya kuchekea kwenye harusi. Ni habari ya kumpelekea daktari.

Kwanza jua unaenda kwa nani

Si kila damu inahitaji bingwa. Daktari wa meno wa kawaida anaweza kukupima na kukusafisha. Maafisa wa afya ya kinywa, wale wanaosomea KMTC, wanafanya kazi hiyo pia katika hospitali nyingi za kaunti. Bingwa wa fizi ni daktari wa meno aliyerudi darasani miaka mingine kusomea fizi na mfupa unaoshika meno. Huyo unamhitaji mifuko ikiwa mirefu, meno yakitingika, mfupa ukiwa umeliwa, ama ukisafishwa na fizi zikatae kupona.

Hawa mabingwa ni wachache, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Ndiyo maana nasema, kabla ya kupanda matatu ya saa tano, anza na daktari aliye karibu nawe, umwombe akupime na akuandikie barua ya kukutuma kwa bingwa. Ile barua ikiwa na picha za eksirei na maelezo inakuokolea safari nzima. Kwa wale wanaolia bei ya kliniki za binafsi, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi hupokea wagonjwa. Ndiyo, unaweza kuhudumiwa na mwanafunzi, lakini mwalimu wake anamsimamia. Beba uvumilivu tu, kwa sababu mwanafunzi haendi mbio.

Na tafadhali, jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, lile la KMPDC. Iko mtandaoni, na kutafuta ni dakika moja. Kuna watu mitaani waliojifunza kutengeneza meno ya bandia, wakaona njia ya mkato, sasa wanang'oa na kusafisha kwenye chumba nyuma ya duka. Mtu wa aina hiyo akikwambia fizi zako zinahitaji dawa aliyoichanganya mwenyewe, toka na usiage.

Mambo ya kubeba, na si pesa tu

Mara ya kwanza mamangu alipoulizwa anatumia dawa gani, alisema, "Zile nyeupe ndogo za presha, na zingine za sukari." Daktari akatabasamu tu. Dawa nyeupe ndogo Kenya hii ni ngapi?

Piga picha ya kila pakiti ya dawa unayotumia, ama uzibebe zote kwa mfuko wa karatasi. Sababu ziko. Kuna dawa za presha, kama amlodipini na nifedipini, ambazo kwa watu wengine hufanya fizi zivimbe na kufunika meno. Fenitoini ya kifafa nayo inaweza kufanya hivyo. Sasa mtu anasuguliwa na kuoshwa mara tatu fizi zinavimba tena, kumbe sababu iko kwenye pakiti aliyoacha nyumbani. Ikiwa ni hivyo, daktari wa meno ataongea na daktari wako wa presha waone kama dawa itabadilishwa. Wewe usiiache mwenyewe.

Ni vile vile na dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Waambie unatumia. Usiiache siku mbili kabla eti ndiyo usitoke damu nyingi, kwa sababu unaweza kuokoa fizi upate kiharusi. Uamuzi huo ni wa madaktari wako. Kama uliwahi kubadilishiwa vali ya moyo, ama una dawa ya mifupa unayodungwa ama unayomeza, hayo yaseme kabla ya chombo chochote kuingia mdomoni.

Sukari nayo ni stori yake. Sukari ikiwa juu, fizi zinaharibika haraka na zinapona polepole. Na fizi zikiwa na uvimbe mwingi, sukari nayo inakuwa ngumu kushika. Yaani hawa wawili wanasaidiana kukumaliza. Nenda na matokeo ya kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi 3 iliyopita. Na usiende na njaa eti unaenda kutibiwa. Kama hujaambiwa ufunge, kula na umeze dawa zako kama kawaida.

Ukiwa na mimba, sema. Homoni za mimba hufanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi, na kusafishwa meno ukiwa mjamzito kunaruhusiwa. Hii ya mama kuambiwa angoje mpaka ajifungue, huku fizi zinavuja damu miezi sita, tuiache.

Halafu kuna ile sehemu watu wanadanganya. Sigara, shisha, miraa, pombe. Daktari hakuulizi akupeleke kwa chifu. Sigara ina ujanja mmoja mbaya: nikotini inabana mishipa ya damu, kwa hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuwa mgonjwa sana na zisitoke damu nyingi. Unajiona uko sawa, kumbe kengele ndiyo imezimwa. Matibabu pia yanashika vibaya kwa mtu anayevuta. Na kama ni miraa, sema unatafuna mara ngapi, upande gani, na unateremsha na nini. Soda chupa tatu kwa usiku mmoja ni habari muhimu kuliko unavyofikiria.

Omba nambari zako

Hii ndiyo sehemu ninayoipigania zaidi.

Daktari wa fizi anapima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Anakipitisha kando ya kila jino, sehemu sita kwa jino moja, huku akitaja nambari na msaidizi anaandika. Tatu, mbili, tatu. Nne, tano, saba. Ukiwa umelala pale inasikika kama mtu anasoma bahati nasibu. Lakini zile nambari ndizo ugonjwa wenyewe. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Nne kwenda juu, kuna mfuko unaohitaji kuangaliwa. Sita, saba, hapo mambo ni mazito. Wanaandika pia sehemu zinazotoka damu, na meno yanayotingika, halafu eksirei inaonyesha mfupa uliobaki.

Uliza: nambari zangu mbaya ziko wapi? Nionyeshe kwa picha mfupa uko wapi. Naweza kupiga picha ya hiyo karatasi? Ni mwili wako, ni rekodi yako. Bila hizo nambari, ukirudi baada ya miezi mitatu utajuaje umepona? Utaambiwa "iko sawa" na utaamini kwa imani, kama kanisa.

Mamangu alikuwa ametoka kliniki moja mtaani alikoambiwa meno manne yang'olewe wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyempima. Hakuna picha iliyopigwa. Mtu alilitingisha jino kwa kidole, akasema haya yote yaende. Kwa bingwa, baada ya kupimwa na kupigwa eksirei, jino moja ndilo lililoonekana halina mfupa wa kutosha kabisa. Hilo likang'olewa. Matatu bado ako nayo, na juzi alikuwa anakula nayo muthokoi. Sisemi kwamba kung'oa ni dhambi. Jino lingine limekufa, na kulibakisha ni kufuga usaha. Nasema mtu asikung'oe kabla hajakuonyesha sababu. Swali ni fupi na halina matusi: "Daktari, ni nini kinaonyesha hili haliwezi kuokolewa?" Daktari anayejua kazi yake hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu lingine.

Eti kuoshwa meno kunayalegeza

Hii nimeisikia kwa shangazi, kwa makanga, kwa kinyozi, na kwa mtu mwenye digrii mbili. "Usikubali wakusugue, meno yataanza kucheza na utabaki na mapengo."

Kinachotokea ni hiki. Ugaga wa miaka kumi umejaa kati ya meno kama saruji kati ya matofali. Nyuma ya ile saruji mfupa umeshaliwa na fizi imeshavimba. Daktari akiutoa, ile nafasi iliyokuwa imejificha inaonekana. Fizi iliyokuwa imefura inanywea, jino linaonekana refu, ulimi unahisi mapengo, na maji baridi yanachoma kwa siku kadhaa ama wiki kadhaa. Aliyeharibu ni ugonjwa. Daktari ameondoa pazia tu.

Lakini wacha niwape watu haki yao. Wanaamini hivyo kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Mtu alienda na meno yanayoonekana yameshikana, akarudi na mapengo na baridi inachoma, na hakuna neno lililosemwa. Mimi pia ningedhani nimeharibiwa. Kwa hivyo kabla ya kuanza, uliza: nikitoka hapa meno yangu yataonekanaje? Yatauma kwa muda gani? Nini cha kawaida, na nini kikitokea nipige simu?

Jingine: kuoshwa fizi si kufanywa meno yawe meupe. Kama ulikulia Nakuru, Naivasha ama sehemu nyingine ya Bonde la Ufa yenye maji ya floraidi nyingi, ile rangi ya kahawia iko ndani ya jino. Haitatoka kwa kusafisha, na si uchafu. Usilipie kitu kimoja ukitarajia kingine.

Na kuhusu uchungu, ile kazi ya kusafisha chini ya fizi hufanywa kwa ganzi, mara nyingi upande mmoja leo na mwingine siku nyingine. Uliza utapewa ganzi. Ukihisi uchungu inua mkono. Hakuna medali ya kuvumilia.

Pesa: uliza safari yote, si nauli ya kituo cha kwanza

Hapa ndipo wengi huanguka. Unaambiwa bei ya siku ya kwanza, unajikaza, unatuma M-Pesa, unashukuru Mungu. Kumbe siku ya kwanza ni kupimwa tu. Kuna kusafishwa kwa awamu, kuna kurudi baada ya wiki kadhaa kupimwa tena, na wengine kuna upasuaji mdogo kama mifuko imekataa kufunga. Halafu kuna kurudi kila baada ya miezi michache, kwa wengi miezi 3, kwa muda mrefu sana.

Ukiishiwa na pesa katikati, ni kama umelima shamba ukakosa mbegu. Kwa hivyo uliza siku ya kwanza: mpango mzima una hatua ngapi? Kila hatua ni pesa ngapi? Ipi haiwezi kungoja, na ipi inaweza kungoja mwisho wa mwezi ujao? Naweza kusafishiwa kwa daktari wa karibu na nyumbani halafu nirudi kwako kupimwa tu? Omba iandikwe. Kama una SHA ama bima ya kazini, piga simu uulize ni nini hasa wanalipa upande wa fizi kabla ya kufika, kwa sababu neno "meno" kwenye kadi linaweza kumaanisha kung'oa na kuziba peke yake.

Kuna mtu atasema, hizi ni hesabu za watu wa Kilimani. Mtu wa kibarua anang'oa, anaenda. Naielewa hiyo hoja, kwa sababu tumeishi ndani yake. Kung'oa ni rahisi leo. Lakini pengo halina bei moja. Kuna chakula unachoacha kula, kuna meno ya bandia utakayotafuta baadaye, kuna yale meno mengine yanayoendelea kuoza mfupa kwa sababu ugonjwa haukutibiwa, jino moja tu lilitolewa. Na kuna kucheka ukifunika mdomo na mkono. Maskini ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa ukweli mapema, wakati tiba bado ni kusafishwa mara moja na mswaki mzuri.

Pia tuache kulipa kemisti kwanza. Unavimba fizi, unanunua kapsuli za antibayotiki, uvimbe unapungua, unasema umepona. Ugaga haujui kapsuli. Bado uko pale pale na mwezi ujao utanunua zingine. Lakini ukivimba uso, una homa, ama kumeza kumekuwa kazi, hapo usitafute bingwa wala miadi. Nenda hospitali saa hiyo. Na kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki 2, kionyeshe daktari hata kama hakiumi.

Kazi yako inaanza ukishatoka

Turudi kwa fundi wa simu. Daktari wa fizi anaweza kusafisha mahali mswaki wako haufiki. Lakini kesho asubuhi ukoga unaanza kujengeka tena, na yeye hatakuwa bafuni kwako. Ukiona saa moja kwenye kiti chake kila miezi mitatu, na wewe una asubuhi na jioni za siku zote hizo, nani ana kazi kubwa?

Kwa hivyo usitoke kabla hajakuonyesha, kwa mkono wako na mdomo wako, namna ya kupiga mswaki pale fizi inapokutana na jino. Mswaki uwe laini. Mgumu haukufanyi msafi zaidi, unakwangua fizi. Mwambie akuchagulie vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno, kwa sababu saizi zinatofautiana na mapengo yako si ya jirani. Fizi zikitoka damu siku za kwanza, usiziogope ukaacha kupiga mswaki. Zinatoka damu kwa sababu ni wagonjwa, na zikiwa safi zinapunguza zenyewe. Kama unatumia mswaki wa mti, endelea, bora ufike kati na nyuma, si yale meno ya mbele ya kupigia picha tu.

Mamangu alibandika karatasi ya nambari zake kwenye kabati ya vikombe. Mara ya pili kupimwa, ile saba ilikuwa imeshuka ikawa tano. Tano bado si nzuri. Lakini alienda nyumbani akiwaambia majirani hiyo nambari kama mtu ambaye mtoto wake ameitwa chuo. Hakuambiwa "jitahidi mama". Alionyeshwa kile mikono yake ilifanya.

Kwa madaktari, na kwa sisi wa mtandao

Madaktari, nawaheshimu, lakini wengine wenu mnaongea na eksirei kuliko mnavyoongea na mtu. Dakika tano za kueleza kwa Kiswahili, ama kwa lugha ya nyumbani, zinaweza kuzuia mgonjwa asipotee katikati ya matibabu. Msimuulize mama wa miaka sitini "kwa nini umekaa hivi mpaka sasa?" Amekuja. Anzieni hapo.

Na sisi watengeneza kontenti, tuko na yetu. Nimewahi kutumiwa ujumbe nitangaze unga fulani wa "kukaza meno yanayotingika". Pesa ilikuwa nzuri. Nilikataa, kwa sababu hakuna unga unaorudisha mfupa. Lakini niliuona baadaye kwa ukurasa wa mtu mwingine, na chini yake watu mia wanauliza bei. Kila mtu aliyenunua alijinunulia miezi mingine ya kungoja huku mfupa unaenda. Tukiongeza zile klipu za kusugua meno na makaa na ndimu, na zile za kumcheka msee anayenuka mdomo, tunafanya watu wajifiche kwa daktari na wajitibu kwa siri. Harufu mbaya ya mdomo mara nyingi ni fizi zinazoomba msaada. Kumcheka mtu hakuzitibu.

Sasa leo usiku, kabla ya kulala, piga mswaki pole pole halafu usiteme haraka. Tema kwenye sinki nyeupe ama kwenye bakuli, uangalie. Ukiona damu, na kesho tena, na wiki ijayo tena, usingoje iume. Andika dawa zako kwenye karatasi, andika maswali yako matano, tafuta daktari aliyesajiliwa aliye karibu. Ukifika, kaa wima kwanza. Ongea kabla hujafungua mdomo kwa sababu yake.